Mkono wa Mwaura

Free Area, Nakuru
3 Februari 2025

Kwako Shantel,

Salamu nyingi. Huko shuleni hamruhusiwi simu, kwa hivyo nakuandikia, na barua hii inabebwa na Sally wa jikoni, ambaye ni mtu wa kanisa letu na hana maneno mengi. Ukimaliza kusoma, ficha.

Mmeambiwa nini kunihusu? Nataka kujua. Maana Alhamisi nimefika hapo getini na ngoma yangu begani kama kila Alhamisi, soja akanitazama, halafu akatazama viatu vyake, akaniambia, "Madam, jina lako limetolewa." Nikamuuliza limetolewa likapelekwa wapi. Akasema yeye ametumwa tu. Nikasimama kwa hiyo baridi yenu mpaka Naibu wa mwalimu mkuu akaja, akaniambia kwa upole, ule upole wa mtu anayekufukuza, kwamba bodi imeamua kubadilisha mkufunzi wa densi.

Sikulia. Nilianza kufundisha densi kabla mama yako hajaolewa. Nimefukuzwa na shule, nimefukuzwa na kanisa, nimefukuzwa na mwenye nyumba aliyesema watoto wangu wanapasua sakafu yake. Kufukuzwa nimezoea. Lakini ya mara hii nimeikataa kabisa, kwa sababu naijua ilikotoka.

Unakumbuka Chairman Njuguna alivyokuja kutazama mazoezi? Alikaa akitabasamu vizuri tu mpaka mkafika pale msumeno unakula mkono wa yule mfanyakazi, anaanguka, na nyinyi wote mnamgeukia mnasema, "Alikuwa amelewa." Hapo akavaa kofia yake. Hatukutaja jina la mtu wala la kiwanda, lakini Elburgon hakuna haja ya kutaja. Kiwanda cha mbao ni chake, na bodi ya shule ni yake.

Aliniita kwa gari lake akaniambia kipande hicho kitoke, densi iwe ya kupanda miti. Nikamwambia densi ni yangu na ya wasichana, na yeye akitaka miti ipandwe, jembe anajua mahali linauzwa. Hilo ndilo kosa langu lote.

Sasa sikia. Densi haitolewi kipande. Ukitoa pale, kunabaki wasichana wanaorukaruka na mbao. Fanyeni mazoezi bila mimi. Mnajua mimi hufundisha miguu kwanza, ngoma ndio hufuata miguu. Mtu anayefanya mazoezi bila ngoma hasikiki mbali.

Mwalimu wako,
Wamaitha

Bweni la Tatu
10 Februari 2025

Kwa Madam,

Niaje Madam? Sisi tuko poa, lakini si poa sana.

Tuliambiwa eti umepata shule kubwa huko Nairobi ukatuacha. Wengine waliamini. Kuna msichana hata alisema hukutuaga juu ya maringo. Mimi nilikaa ngumu. Sasa nimewasomea barua yako, na huyo wa maringo ndiye amelia kushinda wote.

Kocha mpya alikuja Jumanne. Usikasirike, Madam. Ni Bethwel. Yule Bethwel wako. Hatuangalii machoni, anaangalia tu miguu yetu. Densi yake inaitwa Panda Mti. Mimi ni mche. Nasimama katikati nimeinua mikono nangojea mvua, halafu mvua inakuja, halafu nakuwa mrefu. Hiyo ndio kazi yangu yote. Chairman ametuletea traksuti mpya, za kijani.

Lakini usijali. Jumamosi ni siku ya kufua. Tunafua mbio mbio, tunaanika mablanketi yote kwa kamba, yanakuwa kama ukuta, na nyuma yake tunacheza ile yetu bila viatu. Naibu amesema mbele ya watu wote paredi kwamba timu ya densi ndio wasichana wasafi zaidi shuleni.

Niko na swali. Pale kwa kuanguka naumia goti. Nafanya nini?

Shantel, Form Three

Free Area
14 Februari 2025

Kwako Shantel,

Bethwel. Nimekaa na hilo jina tangu asubuhi.

Huyo nilimpokea akiwa mtoto mdogo kutoka Kuresoi, amevaa gambuti mpaka magotini. Nilimwambia avue tucheze, akasema hana soksi. Nikamwambia hata mimi sina, nikavua viatu vyangu mbele ya darasa lote. Tangu siku hiyo darasa langu ni miguu mitupu, mvua au jua. Nilimfundisha kupiga ngoma kwa kuangalia miguu ya mwenzake. Leo amekaa kwa kiti changu anawafanya watoto wangu kuwa miche. Ana familia na anahitaji kazi, hilo naelewa. Mwambie namsalimia. Ama wacha, usimwambie kitu.

Haya, goti. Goti linakuuma kwa sababu unajua utaanguka, kwa hivyo unaanza kujipanga mapema. Mtu wa kiwanda hajui. Baba yako siku aliyokatwa mkono alikuwa anasukuma mbao, na akili yake yote ilikuwa kwa mbao. Basi na wewe sukuma mbao. Sukuma kama mtu ambaye ataenda nyumbani jioni kula ugali. Mkono uende kwanza, bega lifuate, kiuno, na goti liwe la mwisho kabisa kujua kumetokea nini. Na ukiwa chini usifunge macho. Watazame hao wanaosema ulikuwa umelewa. Hujibu, hulii. Unawatazama mpaka wao ndio waone haya.

Mimi nyonga inanisumbua. Daktari amesema niache kuruka. Nimeacha kuruka siku ambazo nitakutana naye.

Traksuti vaeni. Baridi ya huko sio ya kuchezea.

Wamaitha

Bweni la Tatu
24 Februari 2025

Kwa Madam Wamaitha,

Natumaini u mzima.

Nimeandika kukuambia kwamba tumeonelea ni vizuri tuache ile densi. Wasichana wamechoka na mitihani iko karibu. Ama kama ni lazima ichezwe siku moja, basi kipande cha kuanguka kitolewe. Kwa kweli Panda Mti si mbaya.

Asante kwa yote uliyotufanyia.

Wako mtiifu,
Shantel Mwaura

Free Area
27 Februari 2025

Shantel,

"Wako mtiifu." Huyo ni nani? Mimi simjui. Mimi nilikuwa na msichana alikuwa ananiandikia "niaje Madam."

Nimesoma hiyo barua yako nikaiweka chini, nikaenda nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Traksuti, Shantel? Traksuti ya kijani ndio imekushinda? Nimeona watu wakinunuliwa, lakini walau wengi wao hununuliwa kwa kitu cha kuliwa.

Nani alikuja hapa nyumbani kwangu likizo ya Desemba, akakaa kwa sakafu, akaniambia yaliyompata baba yake mpaka chai ikapoa? Si mimi niliyekuja kukutafuta. Mimi nilifanya kazi yangu. Nilichukua ulichoniambia nikakipa miguu. Sasa wewe ndio unataka kikatwe, na mkono wa mtu ulishakatwa mara moja.

Mkiogopa, semeni mmeogopa. Mimi huheshimu mtu anayesema ameogopa. Lakini usiniambie mambo ya mitihani. Na usiniambie Panda Mti si mbaya. Nimefundisha densi maisha yangu yote, mbaya naijua.

W.

Bweni la Tatu
3 Machi 2025

Madam,

Ulitaka niseme tumeogopa. Haya, nimeogopa.

Chairman alimwita baba. Alimwambia ile densi ikichezwa popote, baba atoke kazini, na mimi nitafute shule ingine. Mama alikuja kuniambia, akalia hapo kwa benchi ya wageni watu wakiona. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Sikutaka kukuandikia hayo kwa sababu nilijua utaanza vita, na vita vyako, Madam, wewe huwa uko Free Area ukipigana, baba ndiye yuko Elburgon.

Na si kazi tu. Wewe hujui vizuri maana ya hilo neno "amelewa" kwa baba. Baba ni Mkorino, na kanisa lao halitaki pombe kabisa. Amevaa kilemba tangu utotoni, pombe hajawahi hata kuonja, hata dawa ya kikohozi hunusa kwanza. Siku ya ajali meneja alisema tu vile husemwa kila mtu akikatwa pale, kwamba alikuwa amelewa. Hakuangalia hata kilemba. Wakamwambia akikubali mbele ya wafanyakazi, atapewa kazi ya usoja hapo hapo, na mimi nitaingia shule hii. Akakubali. Alikubali kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo kanisani anakaa kiti cha nyuma, haongei, na watu wanamwonea huruma kama mtu aliyeanguka dhambini.

Wewe ulimwambia Chairman densi ni yako na ya wasichana. Baba yuko wapi hapo? Hukumuuliza. Mimi pia sikumuuliza. Tulichukua mkono wake tukauweka kwa steji.

Shantel

Free Area
5 Machi 2025

Kwa Baba Shantel,

Bwana asifiwe.

Mimi ni Wamaitha, mwalimu wa densi. Hatujawahi kuonana, na hilo ndilo kosa ninalokuandikia. Nilipaswa kuja kwako kwanza.

Mtoto wako aliniambia kilichokupata kiwandani. Niliona pale densi, kwa sababu macho yangu yako hivyo, sijui kuona kitu bila kuona vile kinaweza kuchezwa. Nikaitunga. Ni densi nzuri, Baba Shantel, sitajifanya mnyenyekevu, ni nzuri kuliko zote nimewahi kutunga. Inaonyesha mtu anafanya kazi vizuri, anakatwa, na watu wanamsingizia. Sikukuuliza, na sasa nasikia unatishwa kwa ajili yake.

Kwa hivyo nauliza sasa. Ukisema tuache, nitaacha. Nitawaandikia wasichana mimi mwenyewe, na sitamnunia mtu. Chairman hawezi kunitolea kipande hata aje na polisi. Wewe unaweza kwa neno moja.

Shantel hana hatia yoyote. Nilimwandikia maneno makali na leo yananiuma.

Wamaitha

Elburgon
12 Machi 2025

Kwa Mwalimu,

Bwana asifiwe sana. Barua nimepata. Nisamehe mwandiko, huu ni mkono wa kushoto na bado unajifunza.

Ni kweli mlikosa kutoniuliza. Nilikasirika. Nilitembea mpaka mwisho wa shamba la saipresi nikarudi, na bado nilikuwa nimekasirika.

Lakini nikuambie jambo. Chairman aliponiita alinipa kiti na chai, kitu ambacho hajawahi. Akaniambia mtoto wangu anamtukana. Nikamuuliza, anamtukana akisema nini? Akasema kwa densi wanasema nilikuwa nimelewa. Nikamwambia, lakini Chairman, si nyinyi ndio mlisema? Mwalimu, yule mtu aligeuza uso. Aliangalia dirisha. Mimi nikamaliza chai yangu polepole.

Nimefikiria sana hiyo chai. Maneno ambayo mimi nimebeba miaka hii yote yakirudishwa kwake hata hawezi kuyashika dakika moja.

Wacheze. Usitoe kitu. Mambo ya kazi yangu niachie mimi. Mimi hukesha nikilinda mashine iliyonikata isiibiwe, na hiyo si kazi ya mtu kulilia.

Mwaura

Bweni la Tatu
19 Machi 2025

Niaje Madam,

Nimekusamehe, na wewe unisamehe pia. Tumalize hapo.

Baba alikuja siku ya kutembelewa. Alileta chapati na viazi. Akienda akaniambia, "Uanguke vizuri." Nilienda chooni nikalia, halafu nikarudi nikala chapati yote.

Tamasha la densi za shule ni Ijumaa hapo mjini Nakuru. Mpango ni huu. Tutaanza na Panda Mti kama kawaida. Tukifika pale tunangojea mvua, tunashusha mikono tunaingia yetu. Wasichana wote wamekubali, hata yule wa maringo. Bethwel hajui. Yeye ndiye atapiga ngoma. Akiacha kupiga, tutacheza na miguu tu.

Madam, usije. Najua itakuuma. Lakini Naibu akikuona tu hapo ukumbini ataelewa, atatutoa kwa orodha kabla tuitwe. Baba atakuja, yeye Naibu hamjui kwa sura.

Shantel

Elburgon
25 Machi 2025

Kwa Mwalimu Wamaitha,

Bwana asifiwe. Shantel yuko hapa nyumbani, shule imemrudisha kwa wiki mbili pamoja na wenzake wote. Alitaka kukupigia simu, nikamwambia aniachie, hii ni yangu kusema. Na kwa simu mimi husema "ndio, ndio" tu.

Nilikaa katikati ya ukumbi. Chairman alikuwa mbele na wageni wake. Wasichana waliingia na hizo nguo za kijani wakawa miti, watu wakapiga makofi ya heshima. Wakainua mikono wakingojea mvua. Nikaona Shantel ameshusha yake, ameinama, ameanza kusukuma.

Yule kijana wa ngoma akasimamisha. Kukawa na miguu peke yake. Mwalimu, mimi nimefanya kazi pale miaka mingi na nakuambia, ile ilikuwa mbao inaingia. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa anawatazama miguu. Naibu alikuwa ameshasimama anaenda kwa steji. Halafu kijana akapiga. Hakupiga ya miti. Alipiga msumeno, aliupata kwa miguu yao, na akapiga kwa nguvu mpaka Naibu akabaki hapo kwa ngazi hajui aende mbele ama nyuma.

Mtoto wangu akaanguka. Aliwatazama wenzake wakisema, "Alikuwa amelewa." Wakarudia.

Sisi Wakorino hatusalimiani kwa kushikana mikono, tunainua mikono juu. Tangu ajali mimi nilikuwa nainua mmoja, ule mwingine unabaki kwa koti. Nilisimama pale katikati nikainua yote miwili. Kilemba changu ni cheupe, watu waliniona mpaka nyuma. Wakaangalia mkono, wakaangalia kilemba, na nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema kwa sauti, "Na huyu ndiye walisema alikuwa amelewa?" Basi hilo neno likatembea kwa ukumbi wote. Chairman alitoka. Alipita karibu na kiti changu, nikamsalimia vile vile, mikono juu.

Hawakupewa nafasi yoyote. Majaji walisema densi haikuwa ile iliyoandikishwa. Kijana wa ngoma amefutwa. Mimi nimefutwa jioni hiyo hiyo, nikarudisha tochi na rungu. Na mtoto akikataliwa kurudi shule, tutatafuta ingine, ziko. Jumapili niliketi mbele kanisani, na hakuna mtu aliyeniuliza nani amenipa ruhusa.

Sasa sababu ya barua. Jana jioni wanaume wa kiwanda walikuja hapa nyumbani. Kuna mmoja hana vidole, kuna mwingine mguu umekatwa kisiginoni, kuna wazee ambao niliwakuta kazini nikiwa kijana. Tumekaa tukaulizana. Kila mmoja aliambiwa alikuwa amelewa. Hata fundi Wasike, ambaye ni mzee wa kanisa kwao. Wanataka densi ichezwe mlangoni mwa kiwanda asubuhi, watu wa zamu wakiingia na Chairman akiingia. Wasichana hatuwezi kuwaleta, wameumia kutosha. Kwa hivyo tumeamua tutacheza wenyewe.

Uje Elburgon Jumamosi utufundishe. Uje na yule kijana kama atakubali. Wengi wetu ni wazito, na tutakuchosha, lakini usituonee huruma. Huo mwanzo, wa mtu anayefanya kazi vizuri, utuonyeshe polepole.

Ile sehemu ya kuanguka usijisumbue nayo. Hiyo tunaijua.

Mwaura, Baba Shantel